Kwa Yaya: Vitabu vya baba yake viko kwangu

Jambo Yaya,

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa, nafundisha sekondari hapa Lubumbashi, nakaa Katuba. Nina miaka 53. Bibi yangu alifariki mwaka 2020. Watoto ni watatu, wote wakubwa. Wawili wako Kolwezi kwenye kazi za migodi, mmoja amebaki nami. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana nakosa uso wa kuandika haya.

Nyumbani kwangu kuna vitabu 31 ambavyo si mali yangu. Kila kimoja kina jina la mtu mmoja kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino wa buluu, mwandiko wa karani, herufi zimelala upande mmoja kama majani baada ya upepo. Ni jina la baba ya msichana niliyempenda.

Wakati ule tulikaa Likasi, kule Panda, kwenye kambi ya wafanyakazi. Baba yangu alikuwa fundi kiwandani, baba yake alikuwa karani ofisini. Wao ni watu wa Kasai, mkoa jirani, ingawa yeye alizaliwa Likasi na baba yake pia alizaliwa Likasi. Babu ndiye aliyeletwa na Union Minière, kampuni ya migodi ya siku za Wabelgiji. Kifaransa changu chote kilitoka katika sebule ile. Mzee alikuwa na rafu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe. Alikuwa ananiazima kitabu kimoja kwa juma. Jumamosi narudisha, ananiuliza maswali mawili matatu ajue kama nimesoma kweli, kisha ananipa kingine. Binti yake ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa na kamusi ya Kifaransa, akiisoma kama watu wanavyosoma hadithi, kuanzia A, na kila neno alilolishika aliliwekea kitone cha penseli pembeni. Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, namwuliza maneno, ananijibu. Sikumwambia kamwe kwamba nampenda. Alijua. Tulikuwa tumekubaliana kwamba tukipata diploma ya serikali tutashuka Lubumbashi wote wawili, chuo kikuu.

Kisha ikaja siasa. Mwaka 1990 Mobutu aliruhusu vyama vingi, mwaka 1991 Konferansi ya Taifa, mkutano mkuu wa kupanga nchi upya, ikafunguliwa Kinshasa, na sisi vijana tukaona kumekucha. Nikaingia katika vijana wa chama kimoja cha mkoa wetu wa Katanga. Niliamini, Yaya. Mimi ndiye niliyesoma hotuba kwa sauti mbele ya wenzangu, kwa kuwa nilisoma vizuri kuliko wote, na kusoma vizuri nilifundishwa na nani? Tuliambiwa shaba ni yetu na kazi zimeshikwa na wageni. Tarehe 15 Agosti 1992 Konferansi ikamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu. Watu wa Kasai walifurahi, na furaha yao tukafundishwa kuisikia kama tusi. Haukupita muda Likasi ikaanza kuungua.

Siku walipofika avenyu yetu nilikuwa katika kundi. Sikupiga mtu, sikuvunja mlango. Nilisimama ng'ambo ya barabara, na wenzangu walipoimba nami niliimba. Tuliimba bilulu, bilulu, yaani wadudu. Alitoka nje amemshika mdogo wake mkono, ndoo ya plastiki kichwani, ndani ya ndoo sufuria na blanketi. Aliniona. Hakusema kitu, hakugeuza hata uso. Aliniona tu, akapita.

Walikwenda stesheni kama wenzao, wakalala nje pamoja na maelfu ya watu wakingoja gari la moshi la kwenda Kasai. Mimi stesheni sikukanyaga. Usiku ule niliingia nyumbani mwao, kabla ya wale waliogawiwa nyumba, nikavitia vitabu katika magunia mawili ya unga. Nilijiambia naviokoa.

Waliotuahidi kwamba kazi zitabaki kwetu walitudanganya. Mgodi wa Kamoto ulikuwa umeshaporomoka Septemba 1990. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mwaka 1994 haikufikisha hata 50,000. Mwaka 2003 baba yangu akawa mmoja wa wale 10,655 waliotia sahihi ya kuondoka kwa hiari. Akanunua mashine ya kusaga, ikafa kabla mwaka haujakwisha. Mwaka 2019 mtoto wa Tshisekedi akawa rais, na mkubwa mmoja katika wale waliotutuma barabarani nikamwona kwenye televisheni akimsifu. Nikaizima. Tangu siku hiyo sipigi kura, sisikilizi taarifa ya habari. Nasoma tu. Vile 31 nimevirudia sijui mara ngapi, isipokuwa kimoja, Biblia ya Tshiluba, kwa kuwa lugha siijui. Hiyo naifungua mwanzoni tu, mahali walipoandika majina ya watoto na siku walizozaliwa. Hapo ndipo nilipoijua siku yake. Kila mwaka siku hiyo nakaa na ile kamusi. Vitone vyake vinaishia kwenye herufi P.

Mwezi uliopita nilikutana na mchuuzi anayepeleka bidhaa Kasai, akaniambia anamfahamu. Yuko Mwene-Ditu, ni mwalimu kama mimi. Nikamwuliza kama ana bwana, akasema waliachana zamani. Nikamwuliza kama bado anacheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Akasema ndiyo, hivyo hivyo. Yaya, nilikaa chini. Akanipa namba ya simu. Nimeandika ujumbe mara tisa, nimefuta mara tisa.

Jambo la mwisho. Watu wanashuka tena kutoka Kasai kutafuta maisha, na yale maneno yamerudi, kwenye simu na kwenye baa. Muhula uliopita kijana mmoja darasani alimwita mwenzake kilulu. Darasa likacheka. Mimi niligeukia ubao nikaendelea kuandika.

Nimpigie? Nimwambie kwamba miaka yote hii hakunitoka moyoni? Nina hamu naye, kwa umri wangu huu, hadi usingizi unanipotea. Au nimwache na maisha yake, kwa sababu siasa ilishaharibu kila kitu?

Mwalimu wa Katuba


YAYA ANAJIBU

Ndugu yangu Mwalimu, jambo.

Nitaanza na yule mchuuzi. Ulikutana na mtu mwenye habari za nyumba ile baada ya miaka 33, na maswali yako yakawa mawili: kama ana bwana, na kama bado anacheka vilevile. Mzee aliyekufundisha Kifaransa, ambaye jina lake unalifungua kila usiku kwa wino wa buluu, hukumwuliza kama alifika.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipomwulizia. Hapapo. Na unajua ile safari ilivyokuwa: Tenke, Bukama, Kamina, hadi Mwene-Ditu, watu wamejazana katika mabehewa ya mizigo, njia inachukua siku nyingi kuliko chakula walichobeba. Wazee na watoto wachanga walizikwa kando ya njanja, yaani reli. Wengine walifia stesheni pale pale kabla behewa halijafika. Nadhani hukuuliza kwa kuogopa jibu. Maadamu hujui, mzee bado amekaa sebuleni kwake Panda, Jumamosi inakuja, unarudisha kitabu. Ninakuelewa. Lakini binti yake yeye anajua, na amejua tangu mwaka ule. Ukimpigia leo na kumwambia hukunitoka moyoni, utakuwa unaongea na msichana wa kwenye ngazi za nyuma, na atakayepokea simu ni yule mwanamke aliyeshuka kwenye gari lile.

Hamu yako naisadiki. Mtu hahifadhi vitone vya penseli miaka 33 kwa mchezo. Hata umri usikutie aibu. Moyo wa mtu wa miaka 53 aliyefiwa una haki ya kutaka mtu wa kuongea naye jioni. Ninachokuomba ni usichanganye mambo mawili. Una mapendo unayotaka kumpelekea, na una deni unalodaiwa. Ukivitia vyote katika bahasha moja, yeye ndiye atakayepata kazi. Atalazimika akufariji, akuambie usijali, tulikuwa watoto, na hapo utakuwa umechukua kitu kingine katika nyumba ile ile.

Nikuambie jambo langu, sijaliandika hapa bado.

Machi 1993 nilikuwa Kolwezi na bwana yangu, zamu ya Kolwezi ilipofika. Jirani yetu alikuwa mama wa Kasai, fundi wa kushona, gauni langu la harusi alilishona yeye. Usiku mmoja alinipitishia cherehani yake juu ya ukuta, mimi nikaipokea upande wangu, nzito, karibu iniponyoke mikononi. Akasema, nitunzie. Nikaitunza kweli. Kila mwezi naipaka mafuta. Tulifika mahali pa kula bukari mara moja kwa siku, wakaja wanunuzi wawili, nikakataa. Mwaka 1999 mama yule alirudi. Nikaiondolea kitambaa, inang'aa, na moyoni nilikuwa nimeshajiandalia machozi yake na shukrani zake. Aliweka mkono juu ya gurudumu, akalizungusha kidogo, halafu akaniuliza: "Asubuhi ile walipokuja, dirisha lako lilikuwa limefungwa. Ulikuwa ndani?"

Mwalimu, majibu nilikuwa nayo mengi. Kwamba watoto walikuwa wadogo, kwamba bwana yangu alinikataza, kwamba wangetuchomea nasi. Yote ni kweli. Nikamwambia, nilikuwa ndani. Alinyamaza hadi nikasikia maji yakichemka jikoni. Kisha akauliza kama nina uzi mweusi, ajaribu kama mashine bado inashona sawa.

Urafiki wetu haukurudi kama ulivyokuwa, nisikudanganye. Ila anakuja kwangu na mimi nakwenda kwake, na akiniuliza neno namjibu. Kama ningejibu kwa zile sababu zangu, nadhani angechukua cherehani yake aondoke, basi.

Sasa hiyo siasa yako. Umeandika kwamba siasa iliharibu kila kitu. Wewe ni mwalimu wa sarufi. Itazame sentensi hiyo kama ungeipata kwenye daftari la mwanafunzi. Mtendaji ni nani? Kwamba mlidanganywa, sikatai, na mlidanganywa vibaya kuliko unavyosema. Katikati ya mwaka 1991 chama cha Tshisekedi na chama kikubwa cha Katanga walikuwa upande mmoja, wote dhidi ya Mobutu. Kabla mwaka haujaisha Mobutu alikuwa ameshawatenganisha kwa kiti cha waziri mkuu, akakaa kando anatazama wapinzani wake wakigeuzwa kuwa makabila. Nyinyi vijana mlipewa wimbo wa kuimba katika ugomvi wa watu walioweza kupatana siku yoyote, na kweli wengine walikuja kupatana, kama ulivyoona kwenye televisheni. Hata hao walioitwa wageni, Union Minière ilianza kuwachukua kwao kwa wingi tangu miaka ya 1920, kwa sababu ilikosa mikono. Waliletwa na hesabu za wazungu, wakazaa Likasi, wakazika Likasi.

Hayo yote ni haki kuyasema, na uyaseme. Lakini miguu iliyosimama ng'ambo ya barabara haikuwa ya Mobutu. Sauti iliyosoma zile hotuba ilinolewa katika sebule ya mzee yule. Nakuona umekata tamaa na siasa, umezima televisheni, umejifungia na vitabu, na unahesabu hiyo kuwa adhabu yako. Mimi naona ni mahali pazuri pa kujificha. Maana muhula uliopita lile neno lilikuja lenyewe hadi darasani kwako. Hapakuwa na chama pale, wala waziri, wala kundi lenye fimbo. Palikuwa na watoto, na wewe na chaki. Ukageukia ubao.

Kwa hiyo kabla ya Mwene-Ditu kuna darasa. Mtafute kwanza yule kijana aliyetukanwa, peke yake, umwambie ulisikia na ulikosea kunyamaza. Umeniandikia habari zake bila hata kutaja kama alicheka na wenzake au aliinamisha kichwa. Safari hii mtazame. Mweleze mkuu wa shule unachotaka kufanya, wazazi wasije wakamshtua. Halafu lichukue somo moja zima uwasimulie Likasi ya mwaka 1992. Watoto wako wa darasani wamezaliwa zaidi ya miaka 10 baada ya gari la moshi la mwisho kuondoka na wale watu. Neno kilulu wamelirithi bila kujua lilikwenda na nini. Waambie kuhusu ndoo na blanketi. Waambie na wewe ulisimama upande gani wa barabara. Hapo sauti itakukwama, na mimi ningependa ikukwame mbele yao.

Tuje kwa mwanamke. Usipige simu, na usimtumie ujumbe wa usiku. Simu inamdai mtu ajibu palepale, na yeye hakuomba siku hiyo ianze na sauti yako. Mtume mchuuzi kwanza, naye aulize kwa maneno machache: kuna mtu wa Panda ana vitabu vya mzee wako, anaomba ruhusa akuandikie. Akikubali, andika. Akikataa, vitabu vinarudi hata hivyo, kwa mtu wa nyumba ile atakayemtaja yeye.

Barua iwe ya mkono, ukurasa mmoja, wewe unajua kuandika. Ulizia habari za mzee na mama na yule mdogo aliyeshikwa mkono, na uwe tayari kwa jibu lolote. Mwambie ulikuwa katika kundi na uliimba. Aliona, anajua, lakini hajawahi kusikia ukilisema. Mwambie vitabu ulivichukua usiku ule ule, katika magunia. Hilo la kuokoa liache. Huenda ni kweli uliviokoa, ila mtu anayeokoa kitu cha mwenzake anamtafuta mwenyewe, na stesheni ilikuwa mwendo wa miguu, na wao walikaa pale muda mrefu. Omba msamaha mara moja, sentensi moja, usiurudie mwishoni. Na usimwambie kuhusu ile siku yake ya kuzaliwa unayoikumbuka kila mwaka. Tarehe hiyo uliipata ndani ya Biblia yao.

Ile Biblia ndiyo iliyoninyima usingizi, Mwalimu. Watu waliotoka na ndoo hawakutoka na makaratasi. Inawezekana ukurasa ule ndio mahali pekee duniani palipoandikwa watoto wa nyumba hiyo wamezaliwa lini, kwa mkono wa baba yao. Wamehangaika huko kwa miaka, shuleni, ofisini, siku ya ndoa, wakikisia tarehe zao, na tarehe ziko Katuba kwenye rafu ya mtu asiyejua lugha ya kitabu. Kwa hiyo hiyo isingoje gari. Siku atakayokubali kuandikiwa, upige picha ukurasa ule, kwenye mwanga mzuri, herufi zote zisomeke, umtumie siku hiyo hiyo. Usiongeze neno chini yake.

Vitabu vyenyewe vifungie katika sanduku la bati, si gunia tena, na ndani uvizungushie nailoni. Ukituma wakati wa mvua, maji yanaingia kwenye lori na kwenye behewa vilevile. Gari la moshi ni rahisi kwa bei lakini halina siku, kwa hiyo mwache yeye aseme anataka vije kwa njia gani na vifikie wapi. Andika orodha ya vyote 31, nakala moja ndani ya sanduku, moja katika barua. Gharama zote ni zako. Na usibakize hata kimoja kwa ukumbusho. Najua ni kipi ungetaka kubakiza. Ile kamusi iweke juu kabisa, chini ya Biblia. Alifika P akakatizwa; kama anataka kuendelea na Q ni shauri lake.

Rafu yako itabaki wazi na utaumia, hilo nalijua. Vitabu vile vimekuwa watu wako tangu bibi yako afariki, na labda hata alipokuwa hai. Jioni ya kwanza utanyoosha mkono utakuta mbao. Mwite yule mtoto aliyebaki nyumbani mle pamoja, hata kama hamkuzoea. Umemtaja kwa maneno matatu tu katika barua ndefu hivi.

Na mapendo? Usiyaue, na usiyatume. Kama atajibu, kama atauliza mwenyewe baada ya muda wewe umeishije, mwambie ukweli wote, hata huo. Lakini lisimfikie akiwa bado na ndoo kichwani. Kwanza aitue, na hapo hakuna wa kumharakisha, wala wewe wala mimi. Inawezekana hatajibu kabisa. Atapokea sanduku, atahesabu kulingana na orodha, atafunga mlango. Utakuwa umefanya kilichokupasa hata hivyo, na hamu itabaki nawe kama ilivyokuwa.

Mchuuzi akirudi Lubumbashi, kabla hajakaa, kabla hujamuagizia hata maji, muulize kuhusu mzee. Kisha niandikie, nataka kujua na mimi kama alifika.

Yaya